Prado ya dizeli au ya petroli kwa familia ya watu wanane? Shule kila siku, Njombe mara mbili kwa mwaka

Mbena wa Kibaha

Wakuu, habari za usiku. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela, maana hela yenyewe ni mkopo wa SACCOS. Nikikosea hapa nitalilipia kosa hilo miaka mitatu.

Nyumbani tuko wanane: mimi, mke wangu, watoto wanne, mama yangu mzazi, na binti wa marehemu dada yangu aliye darasa la sita. Tunaishi Kibaha na tunatumia Noah. Noah imetubeba vizuri sana mpaka Desemba iliyopita tulipokwenda Njombe. Pale mlima Kitonga tulikuwa nyuma ya lori la mbolea linalotambaa, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima AC, nikashusha vioo, bado unapanda. Ikabidi nisimame. Mama ana miaka 71. Akashuka, akakaa juu ya jiwe, kanga kichwani, malori yanampita karibu kabisa. Ile picha haijanitoka. Halafu kutoka lami mpaka kijijini kwetu ni kilomita 23 za udongo, mvua ilikuwa imenyesha, tukasukumwa mara mbili.

Kwa hiyo nimeamua kuchukua Prado, ile ya umbo la 120, TX ya viti vinane. Nimepata mbili hapa hapa nchini:

Moja ni ya 2006, dizeli, injini 1KD ya 3.0, namba C, odometa inasoma 214,000. Mwenye nalo anasema hii mashine haifi.

Nyingine ni ya 2008, petroli, 2TR ya 2.7, namba D, odometa 131,000. Imezidi ile ya dizeli milioni 2 tu.

Matumizi yetu ni haya. Mke wangu anapeleka watoto shule kilomita 4 na kurudi, asubuhi na jioni. Mimi kazini naenda kwa basi. Jumamosi soko, Jumapili kanisa. Njombe tunakwenda Pasaka na Krismasi, kama kilomita 670 kwenda.

Ofisini wote wananiambia dizeli, mafuta kidogo na nguvu mlimani. Mmoja ananishauri niongeze mkopo nitafute dizeli mpya ya 2016. Wenzangu mliomiliki, mnasemaje?

---

Mzee wa Chalinze

Chukua dizeli mkuu, usijiulize mara mbili. Watu wanane na mizigo, petroli ya 2.7 ni injini ndogo kwa ule mwili. Utaikanyaga mpaka mguu uume na lori litakupita. Dizeli unaigusa tu inaondoka. Na kwenye safari ya Njombe utaona tofauti kwenye tanki. Mimi nina Hilux ya dizeli mwaka wa tisa huu, nabeba mahindi, sijawahi kufungua injini.

---

Dada wa Soni

Kaka Mbena, pole kwa yaliyokupata Kitonga, na shikamoo nyingi kwa mama. Naomba uvumilie, nitaandika kirefu, kwa sababu swali lako ndilo nililouliza mimi mwaka 2014, nikajibiwa hivi hivi "chukua dizeli usijiulize", na jibu lile lilinigharimu.

Mimi ni mhasibu, naishi Tabata, kwetu ni Soni, Lushoto. Nilinunua Prado 1KD ya 2005. Tangu siku ya kwanza nina kaunta buku ya kwaya mbili kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Kila nikijaza mafuta naandika lita, bei, na kilomita. Kwa hiyo haya ninayokupa hayatoki kichwani, yanatoka kwenye daftari.

Mjini, Tabata mpaka Kariakoo na foleni zake, dizeli ilinipa kilomita 7.6 kwa lita. Njia ya Soni ilinipa 10.8. Kaka yangu ana Prado ya petroli, 2TR kama hiyo uliyoipata, naye nilimpa daftari, akawa anaandika. Yeye mjini alipata 6.3, njia kuu 8.9. Hapo dizeli imeshinda, wala sibishi. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, na injini yake inabana hewa karibu mara mbili ya ile ya petroli, kwa hiyo inaitumia vizuri zaidi.

Sasa twende kwenye hela. Mimi kwa mwaka nilikuwa natembea kama kilomita 11,000 za mjini na 3,000 za Soni. Dizeli ilikula lita 1,725. Petroli ingekula kama lita 2,083. Tofauti ni lita 358 kwa mwaka. Bei wakati ule ilizunguka shilingi 2,000, kwa hiyo niliokoa laki 7 na kidogo kwa mwaka. Miaka minne, milioni 2 na laki 8 na ushee. Na usihesabu kwamba dizeli itakuwa rahisi siku zote. Mwishoni mwa 2022 wote tuliona kwenye bei kikomo za EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, dizeli ikaipita petroli.

Mwaka wa tatu gari likaanza kugonga asubuhi. Ukiliwasha likiwa baridi, kakakaka kwa dakika mbili tatu, likipata moto linanyamaza. Fundi wa kwanza akabadilisha chujio la dizeli. Wa pili akaweka kwenye tanki dawa ya kusafisha nozeli, zile zinazorusha dizeli ndani ya injini. Wote wawili walichukua hela yao, na hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko cha juu. Mimi nikaendelea kuendesha.

Mwaka 2018 natoka Soni na mama na watoto wa mdogo wangu, tumefika Mkata, nimepunguza mwendo kwenye matuta, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Nikakanyaga mafuta ikazima. Tuta la pili ikawaka tena. Nikazima injini pale pale, nikashusha watu wote, nikakataa kuwasha tena hata fundi wa barabarani aliponiambia "ni sensa tu hiyo, dada, twende". Gari likavutwa. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipofunguliwa Dar, nilikuwepo nimesimama. Ndani ya sampo kuna chujio la wavu ambako pampu inanyonyea oili. Lilikuwa limezibwa na masizi magumu meusi, chembe chembe, kama chujio la chai ambalo halijakung'utwa wiki nzima. Robo tu ya wavu ndiyo ilikuwa inaonekana.

Fundi huyu wa tatu ndiye aliyenielewesha. Chini ya kila nozeli ya 1KD kuna washa ya shaba, ringi ndogo ya kuziba. Ikichoka, moto wa kwenye silinda unapenya pembeni ya nozeli unakwenda juu kwenye oili, unaichoma. Oili iliyoungua inakuwa masizi, masizi yanashuka kwenye sampo, yanaziba wavu, injini inakosa oili. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa injini hii, Australia watu wameupigia kelele miaka mingi. Washa zenyewe ni vitu vya bei ndogo. Kama yule fundi wa kwanza angezibadilisha, nisingefika Mkata vile.

Nozeli nne mpya, beringi za kranki, tabo ya kusukuma hewa kufanyiwa matengenezo, kuvutwa na ufundi: milioni 6 na laki 9. Ile milioni 2 na laki 8 niliyookoa miaka minne ikaondoka, na nyingine milioni 4 juu yake.

Mzee wa Chalinze ana haki ya kuisifu dizeli yake, kwa sababu yeye anabeba mahindi njia ndefu, injini inapata moto na kubaki na moto. Lakini kaka, wewe umesema kilomita 4 kwenda shule na 4 kurudi, asubuhi na jioni. Dizeli inachelewa kupata moto kuliko petroli. Mke wako atakuwa anaizima kabla oili haijafika joto lake, mara nne kwa siku, siku tano kwa wiki. Masizi kwenye njia ya hewa, masizi kwenye oili. Njombe mara mbili kwa mwaka haiwezi kufuta hayo.

Kuhusu mlima nisikudanganye. Dizeli ile ilikuwa tamu. Mombo mpaka Soni ni kona juu ya kona, nimepakia watu saba na magunia mawili juu, mshale wa mizunguko umekaa 2,000, gari linapanda tunaongea taratibu. Hata kwenye karatasi za kiwandani, nguvu ya kuvuta ya 1KD inaizidi sana ile ya 2TR. Hiyo unaisikia mguuni. Tangu 2019 naendesha petroli 2.7, na mlima ule ule naupanda kwa namna nyingine: naingiza gia ya pili mapema kabla ya kona, naacha mizunguko ipande mpaka 3,500 hata 4,000, na siogopi ule mlio, maana ndipo injini hii inapofanya kazi yake. Nafika dakika kadhaa nyuma ya dizeli. Joto halijapanda hata siku moja. Na kushuka nakwambia petroli inashika vizuri zaidi ukiachia mafuta kwenye gia ndogo, breki zinapumzika. Kitonga kuna kushuka pia, usisahau.

Kilichoichosha Noah yako pale Kitonga, ningeanza na rejeta na feni yake. Umeipima?

Kwa maisha uliyoyaeleza, chukua petroli. Ungekuwa unaishi Makambako na unakwenda Mbeya kila wiki, ningekwambia dizeli, na ningekupa namba ya yule fundi wa tatu.

---

Dereva wa Kaskazini

Naongezea la Dada wa Soni, maana amesema kweli tupu. Mimi ni dereva wa watalii Arusha, mwaka wa kumi na nne. Sifa ya "dizeli haifi" imetokana na gari zetu hizi, Land Cruiser za 70 zenye 1HZ. Hiyo ni 4.2, silinda sita, haina tabo, pampu yake ya kimakanika. Inakunywa dizeli ya kwenye dumu, inatembea Ngorongoro mpaka Seronera siku nzima haizimwi, na ikileta shida unaitengeneza chini ya mti. Sasa watu wanachukua sifa za 1HZ wanaivalisha kila gari lenye kibandiko cha dizeli.

1KD ni mashine nyingine kabisa. Nozeli zake zinasukuma dizeli kwa presha kubwa mno kupitia matundu ambayo huyaoni kwa macho. Maji kidogo kwenye mafuta, uchafu kidogo, imekwisha. Tunakumbuka miaka ile ya kuchakachua, watu wanachanganya mafuta ya taa na dizeli mpaka EWURA wakaleta vinasaba 2010, zile alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Hali imekuwa nzuri sasa, lakini dizeli ya madumu pembeni ya barabara bado ipo. Ukiwa na 1KD usiiguse hata kama umeishiwa porini.

Mimi kazini naendesha dizeli. Nyumbani nina petroli, kwa sababu nyumbani naenda sokoni na hospitali tu.

---

Mwana Changamwe

Ndugu zangu wa Bongo, salamu kutoka Mombasa. Nataka kusema juu ya hiyo ya 2016 ambayo mwenzako ofisini anakusukuma ukope zaidi. Huku kwetu Kenya gari la kuagiza haliruhusiwi likipita miaka minane, kwa hiyo hizo mpya tumezipokea mapema. Ukitazama Prado za kutoka Japani, dizeli zilikatizwa 2007 kwa sababu ya sheria za moshi, zikarudi 2015 na injini mpya ya 1GD, 2.8. Ndio maana dizeli unazoletewa ni ama kuukuu ama ghali, katikati hapo Japani ilikuwa inauza petroli peke yake.

1GD ina nguvu, usiulize. Lakini ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ile DPF. Chujio hilo linajisafisha kwa kujichoma, na ili lijichome lataka mwendo wa barabara kuu kwa muda. Ndugu yangu alimnunulia mkewe ya kutoka Japani, kazi yake Nyali na Bamburi tu. Ndani ya mwaka taa ya DPF ikawa mgeni wa kudumu. Tena za Japani zina tangi la AdBlue, ule mchanganyiko wa yurea. Likiisha na ukapuuza onyo, ukizima gari halikubali kuwaka tena. Kwa kilomita nne za shule, hapana.

---

Mbena wa Kibaha

Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Asanteni sana. Dada wa Soni, Noah nimeipeleka leo. Feni moja ya rejeta haizunguki. Kumbe tulipanda Kitonga na feni moja.

Hata hivyo Prado bado nataka, kwa ajili ya ile barabara ya udongo na nafasi. Naona moyo umeshaegemea petroli, ila nataka nizikague zote mbili kwa haki Jumamosi. Nitazame nini? Mimi na magari ni dereva tu.

---

Dada wa Soni

Vizuri. Waambie wote wawili wasiwashe gari kabla hujafika. Fika saa 12 asubuhi, na kitu cha kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu wanaficha, hasa kwa ile ya dizeli, maana kule kugonga kwa asubuhi kunasikika kwenye baridi tu.

Kwenye dizeli, iwashe ikiwa baridi usikilize dakika tatu. Simama nyuma uone moshi. Mweupe unaong'ang'ania ni nozeli. Nenda na fundi mwenye mashine ya kupima, akusomee marekebisho ya kila nozeli, yaani dizeli inayoongezwa au kupunguzwa, gari likiwa limepata moto na linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba ikizidi 3 juu au chini, nozeli hiyo imechoka. Uliza kwa risiti lini washa za shaba zilibadilishwa. Kama hana risiti, hesabu hazijawahi kubadilishwa. Mwombe afungue sampo muone ule wavu, wewe ulipie oili mpya, lita 7. Akikataa, ondoka. Uliza na taimingi belti pia. Zile za Japani zinawasha taa ya T-BELT ikifika kilomita 100,000, na wapo wanaoizima taa bila kubadilisha belti.

Petroli ni rahisi zaidi. 2TR ina cheni, haina belti ya kubadilisha. Sikiliza ikiwashwa baridi, cheni iliyolegea inapiga kelele mbele ya injini kwa sekunde chache. Chomoa plagi zote nne uzipange mezani kwa mpangilio: zikiwa za rangi ya kahawia iliyopauka, sawa, moja ikiwa imelowa oili, rudi nyuma. Fungua kifuniko cha rejeta kikiwa baridi, maji yawe na rangi ya dawa, yasiwe ya kutu.

Na kwa magari yote mawili, kaeni wanane ndani. Wote, na mama. Viti vya nyuma vya 120 vinakunjwa pembeni, ukivifungua buti inabaki nafasi ya begi mbili. Mizigo ya Njombe itakwenda juu, kwa hiyo angalia kama keria ipo na imefungwa vizuri. Hili watu hawaliulizi mpaka siku ya safari.

---

Mbena wa Kibaha

Mrejesho, wakuu. Ya dizeli nilifika saa 12 na robo, boneti ilikuwa ya moto. Mwenyewe akasema alikuwa ametoka kununua mkate. Wavu wa sampo alikataa tusiufungue.

Ya petroli ilikuwa baridi. Cheni kimya, plagi kahawia zote nne, maji ya rejeta mekundu safi. Mama alikaa kiti cha katikati upande wa kushoto, akasema mlango uko juu kidogo, nitamtengenezea kigoda. Tumelipa jana.

Oili nimeweka mpya, lita tano na nusu. Kaunta buku nimenunua, kwaya mbili, iko kwenye kisanduku cha mbele. Mstari wa kwanza ameandika mke wangu: lita 46, kilomita 283, shule na soko tu.